Plagi ya Rangi ya Karanga

Mkonze nzima, hapa Dodoma, ilijua kwamba Emiliana na mkwewe hawasemezani, na mgeni akiuliza walikosana nini, watu walicheka. Hawakukosana. Wangekosana ingekuwa nafuu, maana ugomvi una mwanzo wake, na wazee wa kusuluhisha wapo, tena wanapenda chai. Hawa wawili walikuwa wanaheshimiana, na heshima ikizidi kipimo, ndugu yangu, hata mchungaji hajui aanzie wapi.

Emiliana alikuwa fundi wa kabureta. Alianza kwa kumshikia tochi mumewe Stanley, akaendelea kwa kumkosoa, mpaka siku moja Stanley akampa bisibisi na kusema, "Haya, fanya wewe, mimi nipumzike." Stanley alipofariki gereji ikabaki kwake, na ndani ya gereji ikabaki Corolla kuukuu ya kabureta mbili, ambayo marehemu aliijenga kipande kwa kipande kwa ajili ya mashindano. Pistoni zake hazipatikani tena, si Dodoma wala Dar es Salaam. Wanunuzi walikuja, Emiliana akawapa chai na kuwasindikiza. Injini ile ikiunguruma alimsikia Stanley, na hakuona haya kulisema hilo mbele ya watu.

Gabrieli alikuja baadaye. Alikuwa Msandawe wa Chemba, fundi wa injini, dereva mzuri, mpole mpaka anakera. Alimpenda Raheli, binti pekee wa Emiliana, mwalimu wa shule ya msingi, akamposa. Kabla ya harusi wajomba zake walimweka kitako. "Unakwenda kuoa Ugogoni," walimwambia. "Mama mkwe wa kule humtazami usoni. Humpi kitu mkononi. Humsemeshi mpaka kinywa kifunguliwe." Walimweleza yote, isipokuwa nani hufungua. Gabrieli akadhani mama mkwe ndiye hufungua, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa, akakaa kusubiri.

Emiliana naye alijua, kama alivyofundishwa na mama yake, kwamba mkwe ndiye huja na zawadi ya kufungua kinywa. Si lazima iwe ng'ombe. Hata kitenge tu, hata jogoo. Naye akakaa kusubiri kitenge. Kudai hakuweza, maana mama mkwe anayedai kitenge atasemwa mpaka Kongwa. Basi masika yakapita, kiangazi kikapita, mwaka wa pili ukaingia, na watu wawili wanaopendana kabisa wakawa wanafanya kazi gereji moja bila kuambiana hata "pole na kazi".

Walikuwa na utaratibu wao. Katikati ya gereji kulikuwa na ndoo iliyopinduliwa. Gabrieli akitaka kumpa Emiliana spana, aliiweka juu ya ndoo na kurudi nyuma, ndipo Emiliana aliichukua. Maneno yalipita kwa Raheli, akishatoka shule. "Raheli, mwambie mwenzio hiyo boliti isikazwe sana." "Raheli, mwambie Mama nimesikia." Na wote watatu wameinama juu ya injini moja.

"Nimechoka kuwa simu yenu," Raheli alisema mara nyingi.

Raheli asipokuwepo, walizungumza na gari. Emiliana aliuliza hewani, "Hivi hii Corolla imewekwa oili?" na Gabrieli, macho kwenye tairi, alijibu, "Corolla imewekwa." Njia hiyo ilifaa kwa oili na maji. Lakini kupitia gari huwezi kumwambia mkweo kwamba amekosea.

Sasa, kulikuwa na mtungi. Mwaka ule alipougua, Stanley alikuwa amenunua kwa dereva mmoja wa pwani mtungi wa naitrasi, gesi ya kulipa gari kasi, na vifaa vyake vyote, hata kujazwa umeshajazwa, akauficha uvunguni mwa kitanda kama mtu aliyeficha mahari. "Nikipona tutaufunga," alisema. Hakupona. Mwezi huu wa saba ukatangazwa mchezo wa magari huko Msalato, kwenye kipande cha barabara mpya kisichofunguliwa bado, na Emiliana akaamua. Corolla itakimbia na gesi ya Stanley, hata mara moja tu, kutoka mwanzo mpaka mwisho wa barabara, bila kukohoa. Alimtangazia Raheli huku Gabrieli akisikia, na Gabrieli akatikisa kichwa kukubali akiielekea spana.

Asiyejua mambo haya asiogope, ni rahisi. Gesi ile haiwaki yenyewe. Kazi yake ni kuipa injini pumzi ya ziada, na pumzi ya ziada inataka mafuta ya ziada. Kwa hiyo kuna jeti mbili, vijipande vya shaba vyenye tundu la kupita sindano: moja ya gesi, nyingine ya mafuta. Mafuta yakizidi, gari linakohoa moshi mweusi na kupoteza nguvu. Hapo utaona aibu tu, utarudi nyumbani. Mafuta yakipungua, ndani kunakuwa na joto la ajabu na pistoni inayeyuka. Injini imenoki, na kwa injini ya Stanley hakuna ya pili.

Gabrieli alifunga mabomba. Jeti zilikuwa kazi ya Emiliana, na hapo ndipo alipokosea, tena kosa la mtu wa Dodoma hasa. Miaka yote magari yalimjia kutoka pwani yamelewa petroli, yanatoa moshi na kunuka. Hewa ya huku juu ni nyepesi, kwa hiyo mafuta yaliyotosha Dar es Salaam huku yanakuwa mengi. Dawa yake ni moja: toa jeti kubwa, weka ndogo. Alikuwa amewaambia madereva hivyo mpaka maneno yanatoka yenyewe. Basi alipoiona jeti ya mafuta iliyokuja na mtungi, hakufikiri. "Hii ya pwani," alisema, akaichomoa, akaweka ndogo. Kisha akachora mstari mwekundu juu ya nati kwa rangi ya kucha ya Raheli, kama alivyozoea, ili nati ikifunguka mstari ukatike na ajue.

Gabrieli alikuwa amesimama upande wa pili. Aliitazama ile jeti kubwa iliyotolewa, juu ya ndoo, akaitazama sana. Akakohoa. Akakohoa tena. Emiliana akadhani ni vumbi, maana Dodoma mwezi wa saba upepo hauna adabu. Gabrieli akaiokota jeti kubwa, akaitia kwenye kopo lake la vifaa, akaenda zake kunawa.

Raheli angekuwepo, pengine kile kikohozi kingepata tafsiri. Lakini Raheli alikuwa amejifungua wiki iliyopita, mtoto wa kiume mwenye kichwa cha Stanley, naye alikuwa ndani na kichanga chake, haruhusiwi kutoka nje kwenye upepo. Simu ya gereji ilikuwa imezimwa.

Siku moja kabla ya mchezo, Emiliana alikuwa jikoni akimpikia binti yake uji wa ulezi. Alifungua jiko la gesi, moto ukashika, akaushusha. Akasimama na mwiko mkononi. Mtungi wa jikoni ulitoka pwani pia. Ulipofika Dodoma uliwaka sawasawa, haukujua kama umepanda mlima. Na mtungi wa Stanley je? Ile gesi haivuti hewa ya Dodoma. Imekuja na pumzi yake yote, imefungwa ndani, ya huku na ya pwani ni ile ile.

"Mama, uji unamwagika," Raheli aliita kutoka chumbani.

"Uache umwagike," Emiliana alisema. Mazoea yana tabu. Alikuwa amepunguza mafuta pasipotakiwa kupunguzwa. Kesho angeyeyusha injini ya mumewe mbele ya umati, na baba wa mjukuu wake akiwa ameketi nyuma ya usukani.

Dawa ilikuwa kurudisha jeti kubwa. Lakini jeti kubwa ilikuwa kwenye kopo la Gabrieli. Kuipata ilibidi aiombe, na kuiomba ni kusema, mimi fundi Emiliana, mama mkwe wako, nimekosea jambo ambalo mwanafunzi hakosei. Aseme na nani? Na tairi? Alijikausha. Akaenda gereji Gabrieli akiwa sokoni, akaikamata skrubu ya presha ya mafuta na kuipandisha kidogo. Mafuta yakisukumwa zaidi, hata tundu dogo litapitisha ya kutosha. Alijiambia kwamba kazi imekwisha na aibu imebaki tumboni mwake, mahali salama.

Asubuhi ya Jumamosi, Msalato, baridi ilikuwa ya kukata masikio. Magari yalijipanga kando ya barabara, mengi ya vijana, yana kompyuta ndani na rangi za kuumiza macho. Corolla ilionekana kama shangazi aliyeingia disko.

"Mama, hiyo ni ya mashindano au ya makumbusho?" kijana mmoja aliuliza.

"Ni ya kukufundisha adabu," Emiliana alimjibu. "Subiri zamu yako."

Kisha akaona kitu kilichomchefua. Nyuma ya kiti cha dereva, mtungi wa gesi ulikuwa umezungushiwa kitenge. Kitenge kipya, cha rangi ya zabibu na manjano, bado kina mikunjo ya dukani. Ni kweli mtungi ukipoa sana gesi inakosa nguvu, na watu huufunika. Lakini kuna magunia, kuna makoti ya zamani, kuna blanketi la mbwa. Mwanamume gani anakwenda dukani, anapita vitenge vyote, anachagua kizuri namna ile, halafu anauvisha mtungi? Na yeye alikuwa anakisubiri kitenge tangu siku ya harusi.

"Corolla," alisema kwa sauti, "nani amekuvisha kitenge kipya?"

Gabrieli alikuwa anavaa kofia ngumu. Alisimama nayo nusu kichwani. "Corolla ilisikia baridi," alisema, akainama kufunga viatu ambavyo vilikuwa vimefungwa tayari.

Kila gari lilikuwa na zamu mbili. Hasani, mwenye bendera, alikuwa mtu mfupi asiyependa masihara. Aliinua bendera, Corolla ikaondoka vizuri, gia ya kwanza, ya pili, sauti ya Stanley ikapaa juu ya nyika, na Emiliana akaziba mdomo kwa kiganja. Gia ya tatu Gabrieli akabonyeza kitufe cha gesi. Badala ya kuruka, gari likakohoa. Moshi mweusi ukatoka nyuma, mzito, likayumba kama limegongwa kichwani, likafika mwisho kwa kujikokota.

"Mama anachoma mkaa!" mtu akapiga kelele, na watu wakacheka sana.

Emiliana hakucheka. Mafuta yamezidi, hilo hata mtoto angeliona. Basi ile presha niliyoongeza ilikuwa ya nini, alijiuliza. Kumbe jeti ndogo ilikuwa sawa tangu mwanzo. Kumbe mazoea yangu yalijua kuliko akili yangu ya jikoni. Na, tuseme ukweli, wazo hilo lilimtuliza, maana nani hapendi kusikia kwamba hakukosea? Gari liliporudi na Gabrieli kwenda kunywa maji, Emiliana alifungua boneti, akaishusha skrubu ya presha mpaka kwenye alama yake ya zamani. Kisha akaenda kwa Gladness, muuza chai, akanywa chai ya tangawizi akiwa amewapa mgongo wacheshi wote.

Aliporudi jua lilikuwa limepanda. Upepo ulikuwa bado na baridi lakini jua la Dodoma halina simile. Ndani ya gari, nyuma ya vioo, mtungi ulikuwa umepata joto, na mtungi wenye joto husukuma gesi kwa nguvu zaidi. Corolla ilikuwa kwenye mstari tayari, inaunguruma, Gabrieli ndani, boneti bado haijafungwa kwa klipu zake. Hiyo ilikuwa kazi ya Emiliana. Aliinua boneti mara ya mwisho kukagua, kama anavyokagua mpishi kabla ya kuepua.

Mstari mwekundu wa rangi ya kucha ulikuwa umekatika.

Nusu ilikuwa juu ya nati, nusu kwenye bomba, na hazikukutana. Pembeni yake palikuwa na unyevu mbichi wa petroli. Nati ya jeti ya mafuta ilikuwa imefunguliwa, si jana, ni sasa hivi, wakati yeye anakunywa chai. Na hakuna aliyeligusa gari lile ila yeye na mkwewe.

Akasimama pale na kichwa chake kikafanya hesabu yote kwa mkupuo. Kile kikohozi hakikuwa cha vumbi. Gabrieli aliliona kosa siku ile ile. Hakuweza kumwambia mama mkwe kwamba amekosea, basi akaibadilisha jeti kimya kimya, akaweka kubwa. Yeye naye, bila kujua, akaongeza presha juu ya jeti kubwa. Ndiyo maana moshi. Na baada ya moshi, mtoto yule mwenye adabu angefikiri nini? Angefikiri, Mama alijua, mimi ni nani. Angerudisha ndogo. Na yeye amekwisha kuishusha presha. Na mtungi una moto.

Injini ilikuwa imerudi kwenye kifo chake, na safari hii kibaya zaidi.

Alishusha boneti, akakimbilia dirishani. Hata hapo, niamini, hata hapo mazoea yalimtangulia. "Corolla, zima!" alisema akitazama tairi. "Wewe Corolla, nasema zima!" Lakini Gabrieli alikuwa amevaa kofia ngumu na injini inaunguruma, na Corolla haina masikio. Macho yake yalikuwa kwa Hasani. Hasani alikuwa ameishika bendera kwa mikono miwili, anaanza kuikunjua.

Emiliana akaingiza mkono dirishani, akamshika mkwewe kifundo cha mkono.

"Gabrieli," alisema. "Zima gari."

Gabrieli alizima. Angezima hata moyo wake, kwa jinsi alivyoshtuka. Aliutazama mkono ule juu ya mkono wake, kisha akatazama usukani, asijue macho yake ayaweke wapi.

Barabara ikawa kimya. Hasani akaja kwa hatua fupi za hasira. "Mama, hapa kwenye mstari hatuzimi. Zamu imekwenda."

"Bendera umeiinua?"

Hasani akaitazama bendera. Alikuwa mkali lakini hakuwa mwongo. "Sijaiinua."

"Basi haijaenda."

"Sukumeni pembeni," Hasani alisema. "Mtakuwa wa mwisho. Barabara wanaitaka wenyewe kabla ya adhuhuri, na ikifika hiyo hamko tayari, sina la kuwasaidia."

Walisukuma Corolla mpaka kwenye vumbi kando ya barabara. Emiliana alifungua boneti. Gabrieli alivua kofia, akasimama upande wa pili, akaanza kwa mazoea, "Raheli, mwam..." akanyamaza, maana Raheli alikuwa Mkonze ananyonyesha.

"Niambie mimi," Emiliana alisema. "Umeweka ipi?"

"Ndogo, Mama." Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko jeti. "Nilipoona umeweka ndogo niliogopa. Nikabadilisha, nikaweka kubwa, nikaikaza nati mpaka mstari wako ukakutana tena. Leo ilipotoa moshi nikasema, Mama ana miaka yote hii kwenye kabureta, mimi nani nimpinge. Nikarudisha yako harakaharaka."

"Na mimi nilipandisha presha. Kisha leo nimeishusha."

Gabrieli alifikiri kidogo. Kisha akasema neno moja la Kisandawe, lenye vidoko viwili vya ulimi ndani yake, na Emiliana, ambaye hakujua Kisandawe hata chembe, alilielewa vizuri.

"Tungeiyeyusha," alisema Gabrieli.

"Tungeiyeyusha kwa adabu zetu zote," alisema Emiliana. "Stanley angefufuka atutie makofi." Na hapo alianza kucheka, kicheko chenye machozi, na Gabrieli akacheka kwa kuinamisha uso, kama anayecheka kanisani. "Ulikuwa sahihi siku ile, mwanangu. Ulikuwa sahihi na ulinyamaza. Usinifanyie hivyo tena. Heshima gani hiyo ya kuniacha niungue?"

"Nisamehe, Mama."

"Tusameheane baadaye. Leta kubwa."

Gabrieli alifungua kopo lake na kuitoa jeti ya shaba kwa ncha za vidole. Emiliana alikuwa amekwisha kuifungua nati na kuichomoa ile ndogo. Gabrieli aligeuka huku na huku. Emiliana alijua anatafuta nini. Alikuwa anatafuta ndoo. Lakini ndoo ilikuwa Mkonze, na pale kulikuwa na vumbi jekundu na upepo, na chembe moja ya mchanga ikiingia kwenye tundu lile kazi yote imekwisha. Huwezi kuiweka jeti chini. Haina mahali pa kuwekwa hapa duniani ila mkononi mwa mtu.

Emiliana alikunjua kiganja, akakinyoosha juu ya injini.

Gabrieli alisita. Kisha akaiweka jeti katikati ya kiganja cha mama mkwe wake, polepole, na vidole vyake vikagusa ngozi yake.

Walifanya kazi bila kusema mengi baada ya hapo, lakini kila kilichosemwa kilisemwa kwa mtu. Spana ya kumi. Hii hapa. Kaza, usizidishe. Presha iko kwenye alama? Iko, Mama, njoo uone mwenyewe. Walifungua milango ili upepo uupoze mtungi kidogo. Emiliana alipapasa kile kitenge juu ya chuma, akapima joto kwa kiganja, akaona limeshuka vya kutosha. Hasani aliwapungia mkono wa hasira, na Corolla ikarudi kwenye mstari ikiwa ya mwisho, vijana wengi wameshafungasha na wanakula mishikaki.

"Ukifika mwisho zima papo hapo," Emiliana alimwambia dirishani. "Usiiache iungurume. Nataka kusoma plagi."

"Sawa, Mama."

"Na Gabrieli. Ikikohoa, achia. Gari ni chuma tu." Alishangaa kujisikia akisema hivyo. Lakini alilisema na alimaanisha, kwa sababu nyumbani kulikuwa na kichanga chenye kichwa cha Stanley, na baba yake ndiye huyu.

Bendera ikainuka. Gia ya kwanza, ya pili. Kwenye ya tatu Emiliana alifumba macho. Alisikiliza kwa mwili mzima. Kitufe kikabonyezwa, na sauti haikukatika. Ilipanda. Ilipanda tena, safi, kavu, bila moshi, sauti ambayo hakuwahi kuisikia, ambayo Stanley mwenyewe hakuwahi kuisikia, ikaenda mpaka mbali kule ambako barabara inaishia kwenye miiba. Kisha ikazimwa. Mtu mmoja kwenye mishikaki akasema, "Duh," akasahau kutafuna.

"Panda," Hasani alisema. Alikuwa amekwisha kuwasha pikipiki yake. Emiliana alipanda nyuma, sketi na yote, wakaenda.

Hawakushinda, nisikudanganye. Vijana wawili wa kompyuta walikuwa na kasi zaidi, na Hasani aliwasomea muda wao bila upendeleo. Lakini Emiliana hakuwa na haja na hilo. Alimkuta Gabrieli amekwisha kuchomoa plagi ya kwanza, ameishika kwa kitambaa, anaipuliza. Gabrieli alimwona anakuja, wala hakutafuta pa kuiweka.

"Inaunguza, Mama," alisema, akampa mkononi.

Emiliana aliigeuza juani. Plagi iliyokosa mafuta huwa nyeupe kama mfupa, na iliyozidiwa huwa nyeusi. Hii ilikuwa na rangi ya karanga iliyokaangwa vizuri, ile ya kutoa sufuriani kabla haijaungua. Injini ilikuwa nzima. Alimwonyesha Gabrieli na Gabrieli akasogea, vichwa vyao vikakaribiana juu ya kipande kile cha chuma, wakakitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mama," Gabrieli alisema, akiitazama plagi. "Kile kitenge."

"Kitenge gani?"

"Cha kwenye mtungi. Raheli siku zote alidhani najua; juzi ndipo aliponiambia kwamba mimi ndiye niliyetakiwa kuleta. Wajomba hawakunieleza. Nikanunua siku ile ile. Lakini nikawaza, nitakupaje, na mimi sikupi kitu mkononi? Nikakiweka pale. Nikasema utakikuta, utakichukua kama unavyochukua spana."

Emiliana alimtazama mtoto huyu wa watu. Alikumbuka jinsi alivyokasirika asubuhi, na aibu ikamjia ikiwa imechanganyika na furaha, asijue ipi ni ipi. Aliingiza mwili mlangoni, akakifungua kile kitenge kutoka kwenye mtungi, akakikung'uta vumbi. Kilikuwa kinanuka petroli na kilikuwa na vuguvugu. Akajifunga kiunoni, juu ya sketi yake ya gereji, akakaza fundo.

Simu yake ikalia. Alikuwa Raheli, na nyuma yake mtoto analia.

"Mama, imekuwaje? Haijanoki? Niambie haraka, na Gabrieli nimwambie nini?"

"Usimwambie kitu," Emiliana alisema. "Yuko hapa. Namwambia mwenyewe."